Gazeti Chini ya Sindano

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Dunda tuzima, babu yako anakohoa kidogo tu.

Unauliza uache urubani, maana wenzako chuoni wanakuita "rubani wa kompyuta" kwa kuwa bado hujapanda ndege. Umeniandikia kwamba juzi uliingiza namba za redio sawasawa kwenye ile GPS ya kuigiza ya kompyuta, ukasahau kubonyeza kitufe cha kuzifanya zitumike, ukawa unaita mnara wa uwanja wa ndege usiokusikia.

Nilipokuwa msichana najifunza cherehani, fundi wangu aliwapa wenzangu vitambaa, mimi akaninyima. "Wewe wa Miono shona gazeti, tena bila uzi." Wakanitania, "Bibi harusi wa gazeti, mvua ikinyesha gauni si litalowa?" Bado inaniuma. Lakini matundu ya sindano kwenye gazeti yalinionyesha kila nilipopinda, bila kuharibu kitambaa cha mtu. Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa cha mteja, na mshono ulinyooka.

Kaa tena kwenye hiyo kompyuta, mwanangu. Kisahau kitufe humo humo mpaka uchoke kukisahau.

Bibi yako, Dunda