Wosia wa Baba Kulwa

Ushirombo, Jumamosi, Agosti 1999

Picha ipo, sauti hakuna. Siku ya tatu naingiza mkanda wa harusi ya Kulwa kwenye kompyuta, na marehemu baba yake anafumbua mdomo bila neno kutoka. Tulimzika juzijuzi tu. Familia inataka kusikia wosia aliompa bintiye siku ile.

Nimelaumu waya, nimelaumu mkanda, nimemlaumu hata fundi aliyeniuzia kompyuta. Mungu anisamehe.

Leo mke wangu, akichambua mchele nyuma yangu, kauliza: "Baba Neema, si huwa unazima sauti za watu ili uweke muziki?"

Nilipohariri harusi ya mwisho kabla ya hii nilizima sauti kwenye programu, nikaweka muziki mwanzo mwisho, kama tunavyofanya wapiga video wote huku. Sikuirudisha.

Nikabonyeza mara moja tu. Mzee akasema, "Mwanangu, ukizidiwa huko, rudi. Hapa ni kwenu."

Mama Neema aliacha mchele, akalia. Asante Mungu kwa huyu mwanamke.

Ila zile harusi nyingine zote nilizojaza muziki... Sijui akina baba walisema nini.