Dada Niliyemwandika "Hana Kazi"

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana nyumbani wananitazama kama mwizi na mimi sikuiba kitu, niliandika tu. Nipo mwaka wa kwanza chuoni, nasomea upimaji wa ardhi, lakini wote tunalazimika kuchukua somo la utangulizi wa sosholojia, na mhadhiri alitupa zoezi la kuchunguza kaya zetu kwa siku saba, nani anafanya nini na kwa muda gani, bila kuingilia. Kwetu tupo wanne, baba ni fundi viatu, kaka anachomelea vyuma, mimi, na dada yetu mkubwa ambaye mama alipofariki aliacha shule akiwa kidato cha pili akatulea, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni.

Basi nikakaa jikoni na daftari langu nikaandika kila kitu, saa ya kuamka, ndoo za maji, kufua, kupika, kupiga pasi ovaroli la kaka, kumpimia baba dawa za presha, na dada akawa ananiruka miguu na sufuria mkononi akisema, "Sogea, msomi, nisije nikakuunguza," nami nikasogea, nikaliandika na hilo. Jumla yake ilifika saa kumi na sita kwa siku. Lakini jedwali lilikuwa na safu ya ajira, nikajaza, baba fundi, kaka mchomeleaji, mimi mwanafunzi, na kwa dada, niliyemwita Mhusika wa Nne kwa kuwa majina hayakuruhusiwa, nikaandika "hana kazi", kwa kweli sikufikiri, ndivyo tunavyosema siku zote mgeni akiuliza. Nikapata alama za juu kuliko darasa zima, ila mhadhiri aliyazungushia maneno yale wino mwekundu, akaandika pembeni, "Una hakika?" Niliiacha karatasi mezani ili baba aione, ila aliyeiona ni dada alipokuwa anafuta meza.

"Huyu Mhusika wa Nne ndiye mimi?" akaniuliza.

"Ni mambo ya chuo tu, dada."

"Sijakuuliza ya chuo. Ni mimi?"

Nikasema ndiyo. Akaisoma tena taratibu, kidole kikifuata mstari, kisha akasema, "Umeandika vizuri. Hata mguu unaoniuma umeuandika." Akatundika kitambaa msumarini.

Kesho yake hakukuwa na chai. Baba akaita, dada akajibu kutoka kibarazani alikokuwa amekaa, "Baba, mimi sina kazi, niache nikae." Tukadhani ni utani. Siku ya nne akafunga nguo zake akaondoka, na wiki iliyofuata nikamkuta kantini ya chuo, amevaa aproni, anapakua, na nilipofika mbele yake nikasema, "Dada," akanipakulia kama anavyompakulia kila mtu, akasema, "Anayefuata." Sasa amepanga chumba na mpishi mwenzake. Kaka anavaa ovaroli lenye grisi tangu mwezi uliopita, baba alichanganya dawa akaanguka bafuni, bahati nzuri hakuumia, na anasema, "Wewe na kalamu yako mmenifukuzia mtoto." Mhadhiri naye anataka niandike sehemu ya pili. Nifanye nini dada arudi? Nimwambie jedwali lilikosewa?

Msomi aliyekwama

*

Msomi,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema umemwomba radhi. Sikupaona. Nimeona chai, ovaroli na alama zako.

Jedwali halikukosewa, usimdanganye. Saa kumi na sita ni za kweli, naye alizijua kabla yako, kwa mgongo na kwa miguu. Kilichomuuma ni kwamba ulizihesabu zote, siku saba, umekaa chini, kisha ukaandika kile ambacho angeandika mtu asiyewahi kuingia jikoni kwenu. Ndoo hukubeba hata moja. Eti uliambiwa usiingilie! Na aliye wa kwanza kuamka ukamfanya wa nne.

Sikuoni kuwa mtu mbaya. Maneno yale hukuyatunga wewe, uliyakuta yakisemwa mbele ya wageni, na baba yako ndiye wa kwanza kuyasema. Kwa hiyo, kalamu anayoilaumu aiache, ajitazame. Wewe angalau umeshtuka, na wapo wazee wenye wajukuu ambao hawajashtuka hadi leo.

Sasa nisikilize. Dawa za baba mpangie wewe, kila asubuhi, uziandike ukutani. Kaka ana mikono inayokunja chuma, ovaroli halimshindi. Chai ni maji, majani na moto, mjifunze. Fanyeni hivyo mwezi mzima kabla hamjamfuata, la sivyo mtakuwa mnamfuata mtumishi, si dada. Sehemu ya pili usiiandike mpaka mwenyewe akubali, na akikataa, mwambie mhadhiri wako hivyo, ataelewa.

Kisha nendeni kwake wote watatu siku yake ya mapumziko, si kwenye mstari wa kantini watu wakisikiliza. Baba aanze kusema, maana ndiye mwenye deni kubwa la maneno. Kurudi nyumbani msikutaje. Ana kazi sasa, na chumba chenye ufunguo wake mwenyewe, na huenda vyote viwili anavipenda.

Akikwambia harudi, mjibu neno moja: sawa. Halafu muulize kama amekula.