Mnara wa Osith Umeanguka

12 Machi 1766

Mwanangu Dorcas,

Hujambo huko Bristol? Mumeo je, kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananitesa.

Umesikia? Mnara wa Osith umeanguka! Jumapili, watu wako kanisani, ukaporomoka wote na kipande cha ukuta wa mji, mpaka kwenye mashamba ya kabichi. Hakufa mtu, ila nguruwe wa mjane Tapp. Baraza la mji limemtia hatiani Jabez Hurd, yule fundi mawe aliyeziba nyufa mwaka jana. Wamemnyang'anya kibali cha kazi. Mimi mkaguzi wa kuta wamenisifu: miaka kumi na tisa nimeandika kwamba mnara ni imara, basi kosa langu liko wapi?

Baba yako

20 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, kikohozi kimekwisha.

Umeandika wewe, baba? Aliyeandika ni mimi! Nilianza nina miaka tisa, nimekaa kwenye baa ya Nanga, wewe na bia yako unaniambia, "Andika: nimepanda hadi juu, mnara ni imara." Hukupanda hata kidato kimoja. Na Krismasi ya mwaka juzi nilimsikia Hurd kwa masikio yangu akikusihi, "Mzee Pell, njoo uone msingi ulivyoliwa, kuziba nyufa hakutoshi." Ukamwambia asikuharibie chakula.

Ana watoto watano. Mwambie meya ukweli. Naona haya hata kuishika kalamu hii.

Binti yako, Dorcas

2 Mei

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Nimekuandikia mara tatu, kimya. Nasikia akina Hurd wanalala kwenye zizi la ng'ombe la watu.

Basi nimemwandikia meya mwenyewe, afungue vitabu vya ukaguzi na kulinganisha mwandiko na wangu. Barua hiyo naituma Jumatatu. Itangulie kwa meya, baba, nakuomba sana.

Binti yako, Dorcas

19 Mei

Dorcas,

Natumaini u mzima, na mumeo pia.

Sikuitangulia barua yako. Nilifika mlangoni kwa meya mara mbili, nikageuka. Barua yako imesomwa barazani, Hurd amesimama pale na kofia mkononi. Mwandiko ukalingana. Meya akaniuliza, "Pell, ulipanda au hukupanda?" Wote wakanikodolea macho. Nikasema nilipanda kila mwaka, wewe ulikuwa unaninakilia tu.

"Na haya anayoyasema binti yako?"

Nikasema wewe mwongo tangu utotoni, nilikuchapa sana na haikusaidia. Wakacheka. Na mimi nikacheka, Dorcas. Nilicheka kuwashinda wote.

Hurd hakucheka. Jumatano alihama na wanawe, kwa miguu, na sikuthubutu kuuliza wanakwenda wapi.

Hujawahi kunidanganya hata siku moja. Nina aibu, na sijui niipeleke wapi. Usijisumbue kunijibu.

Ambrose Pell