Bibi Harusi na Mlango wa Lori

Chumba cha juu,
Uwanja wa farasi, nyuma ya kiwanda cha magodoro,
Alhamisi asubuhi.

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wapwa zangu. Hamjambo nyote? Mgongo wa shemeji umenyooka, au bado anatembea kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka? Na yule mdogo ameshaanza kusimama? Sisi huku hatujambo. Shangazi nyonga inamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake ni mzima kabisa, tena umezidi nguvu. Mimi mwili sina tatizo. Roho ndiyo iko juu tangu jana, na chai ya leo imenipoa mkononi mara mbili.

Usishangae mwandiko. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya friji la mteja, na kila baada ya maneno machache naenda dirishani. Lori la kumchukua farasi wako, Bibi Harusi, linakuja asubuhi hii. Barua hii nitamkabidhi dereva, kwa hiyo ukiisoma ujue lori limeshafika kwako. Kama limefika na farasi au limefika tupu, wewe unajua tayari. Mimi bado sijui, na ndiyo maana situlii.

Najua uliagiza achomwe sindano alegee, apakiwe, basi. Ujumbe wako niliupata. Daktari wa mifugo naye alisema nikimwita atakuja. Sikumwita, dada. Nisikilize kwanza, kisha ukasirike ukipenda.

Ulikuwa umeshahama wakati wapakiaji walipokuja kuwachukua farasi wengine, kwa hiyo hukuyaona. Wenzake walipanda kimya kimya. Yeye alisita, wakamzungushia kamba nyuma ya mapaja, wanaume wanne wakasukuma, na sindano juu yake. Dawa ikamshika akiwa nusu ndani, nusu nje. Akaanguka juu ya ule ubao wa kupandia, goti likachunika vibaya. Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni kwa shangazi, maana unajua nilivyokuwa nawaogopa wanyama wenye miguu mirefu. Goti limepona, nywele zimeota. Ila tangu siku ile akisikia mnyororo wa mlango wa lori unalia, pua zinapanuka, na ukimsogelea na kamba anakugeuzia mgongo.

Sasa uwanja umeuzwa, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba msimamizi wa mwenye mali mpya ametuambia bila kuzunguka: leo jioni geti linafungwa kwa ajili ya ujenzi wa maghala, na mnyama atakayekutwa ndani anakabidhiwa kwa dalali wa mnadani. Wanunuzi wa mnadani hawatafuti farasi wa kupanda, wanatafuta nyama. Kwa hiyo ni leo au basi.

Nimerudi. Nilisikia breki nikashuka ngazi mbio, kumbe ni gari la takataka.

Nikueleze tulivyofika hapa. Mimi ni fundi wa mafriji. Friji likigoma nalifungua, nalikaripia kidogo, nabadilisha kifaa, linanguruma. Nilimwendea Bibi Harusi na akili hiyohiyo. Naingia bandani funguo zinalia mfukoni, simu imebanwa sikioni, naimba, nasahau ndoo, natoka, narudi, nasahau brashi. Yeye anazunguka banda zima kama shati kwenye mashine ya kufulia. Nikasema farasi huyu ana wazimu. Shangazi, aliyekuwa anaanika nguo pale juu kwenye kibaraza, akauliza nani kati yetu wawili.

Ndipo nikakumbuka maneno uliyokuwa ukiwaambia wanafunzi wako. Usimkabili usoni, simama ubavuni. Legeza bega. Toa pumzi mpaka mwisho. Mwache aje yeye. Nilipokuwa nawasikia kutoka huku juu nilikuwa nacheka, eti watu wanalipia masomo ya kusimama. Sasa ikawa zamu yangu. Nikaacha funguo na simu kwa shangazi, nikageuza ndoo kifudifudi katikati ya banda, nikakaa nimempa mgongo.

Dada, kukaa! Mimi! Ule mguu wangu unaotikisa meza nzima tukiwa tunakula, niliukanyaga kwa mguu wa pili. Shangazi akanipigia kelele kwamba subira huvuta heri, nikamjibu kwangu inavuta maumivu ya kiuno tu. Siku za mwanzo ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Ila nikagundua jambo. Nikiwaza wateja na madeni ya vipuri, hata nisipotikisika, masikio yake yanalala nyuma. Nikiacha kuwaza, yanarudi mbele. Ananisoma kuliko ninavyojisoma mwenyewe. Asubuhi moja nikahisi pumzi ya moto shingoni, kisha mdomo laini ukaanza kuvutavuta kola ya shati. Sikugeuka. Machozi yalinitoka, sikufichi, na nikashukuru kwamba shangazi alikuwa jikoni.

Baada ya hapo alinifuata uwanja mzima bila kamba. Nikisimama anasimama, nikipinda anapinda. Woga wangu ulikwenda wapi sijui. Nikaanza kumnyanyua kwato, mimi niliyekuwa namwogopa hata mbuzi wa jirani.

Yule muuza majani akaniazima trela lake kuukuu, tukaliegesha katikati ya uwanja, mlango wazi. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilikuwa namsogeza kwenye ubao, kamba mkononi. Akirudi nyuma namwonea huruma, nalegeza kamba, nampapasa shingo, namwambia pole mama, pumzika. Akithubutu kusogea mbele, furaha inanipanda, namvuta ili tumalize kabisa. Wiki nzima nikawa hivyo. Kila siku anarudi nyuma upesi zaidi, tena kwa madaha, mpaka ikawa akiliona tu trela anaanza kutembea kinyumenyume. Nikasema jeraha la moyo halijapona, maskini.

Shangazi akashuka ngazi na nyonga yake mbovu, akasimama kando akatazama. Kisha akasema:

"Wewe mtoto, huyu mnyama humtibu, unamfundisha. Akikataa unamtuza, akikubali unamsumbua. Hata mimi ningerudi nyuma."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kumbe farasi hajifunzi kamba inapovuta, anajifunza pale inapoachia. Nilikuwa nimemfunza kurudi nyuma, na mwanafunzi wangu kafaulu vizuri sana.

Nikaanza upya. Akirudi, kamba inabaki palepale, sivuti na silegezi, nasimama tu kama nguzo. Akiinamisha hata kichwa kuelekea trela, naachia papo hapo, nageuka pembeni, namwacha afikirie. Ukimtazama vizuri unaona analamba midomo, anashusha shingo, anavuta pumzi ndefu. Hapo neno limeingia. Ikawa ukwato mmoja kwenye ubao, halafu miwili, halafu akawa anasimama nusu ndani kama mgeni asiye na uhakika kama amealikwa. Siku aliyoingia mzima mzima, nilimtoa mara moja kabla hajaniomba, ili ajue mlango wa kuingilia ndio wa kutokea. Tuliingia na kutoka mpaka akachoka kuogopa.

Nikajiona bingwa. Nikiingia anaingia nyuma yangu, nikitoka anatoka nyuma yangu, na mimi kichwa kinavimba. Majirani walikuja kutazama. Shangazi peke yake hakupiga makofi. Jioni tukimenya viazi akaniuliza:

"Unamfundisha kusafiri au unamfundisha kukupenda? Maana wewe kwenye lori haumo."

Na ni kweli simo. Dereva haruhusiwi kubeba mtu nyuma, na mbele ana mwenzake. Tena shangazi naye lazima ahamishwe leo na vyombo vyake, siwezi kumwacha na ngazi na magunia. Kwa hiyo kazi iliyobaki ikawa kumzoesha abaki ndani mimi nikitoka. Sikuipenda kazi hiyo hata kidogo. Nikitoka naye akinifuata, namrudisha bila hasira. Akibaki, hata kwa muda wa kupiga chafya, narudi na kiganja cha majani. Pole pole akajua kwamba nikienda nitarudi. Dada, nilikuwa namwambia uongo, na yeye akauamini.

Mpaka jana alikuwa anabaki ametulia, lakini mlango ukiwa wazi. Tukishika mnyororo tu, anaanza kupiga kwato. Mpaka mlango kufungwa hatujawahi kufika.

Lori hilo. Ni lenyewe. Lina rangi ya machungwa na ni kubwa kuliko nilivyodhani. Naweka kalamu.

Nimerudi tena. Naandika juu ya boneti, ina moto, na dereva anamalizia chai ya shangazi huku akiangalia saa.

Dereva alishuka na mnyororo ukalia hata kabla sijamsalimu. Bibi Harusi akatupa kichwa juu, macho meupe, nami moyo ukaenda mbio. Akanihisi, akazidi. Nikamsihi dereva aende juu akanywe chai, akasema ana mizigo mingine inayomsubiri, shangazi akamwambia chai yenyewe ina tangawizi na mikate iko mezani. Akaenda. Mungu ambariki shangazi.

Nikabaki naye uwanjani. Nikasimama ubavuni, nikatoa pumzi, ikagoma kutoka, nikaitoa tena. Kila kitu mwilini kilikuwa kinanipigia kelele nivute, saa zinakwenda, geti linafungwa. Nikaukanyaga mguu wangu. Akapanda ukwato mmoja, akaushusha, akarudi nyuma mpaka kamba ikanyooka. Sikulegeza. Sikuvuta. Alinitazama kwa jicho moja muda mrefu sana, nami sikuwa na la kumwahidi. Halafu akainamisha kichwa, akanusa ubao, nikaachia. Akalamba midomo. Akaja mwenyewe, ukwato kwa ukwato, akanipita, akaingia.

Nikamfunga kamba ndefu kidogo, nikamwekea majani, nikatoka kwa ule mlango mdogo wa ubavuni. Nikamwashiria dereva, akashuka, akafunga wa nyuma taratibu kama nilivyomwomba, pete moja moja ya mnyororo, kisha akairudia chai yake.

Mkifika kumshusha, tafadhali mtu asimkimbilie. Fungueni mnyororo pole pole, wewe simama ubavuni, mkono wako uwe mtupu. Usimvute. Atatazama kwanza, mpe nafasi. Akiteremka, mwache anuse ardhi yako kabla hujampeleka popote. Watoto wakae mbali siku ya kwanza, hata wakilia. Na usiimbe karibu naye, nyimbo zimemkinaisha kwa sababu yangu.

Sasa nikuambie ukweli, maana kama si wewe sina wa kumwambia. Mlango ulipofungwa nilibaki nje nimebana sikio kwenye bodi ya lori. Nilitaka alie. Baada ya kazi yote hii, nilitaka apige teke hata moja, anitafute, ili nimwambie dereva haiwezekani, mshushe. Ningempeleka wapi sijui, lakini ningemshusha. Nilisubiri. Sikusikia kitu isipokuwa meno yakitafuna majani. Nikachungulia kwenye kidirisha. Akageuza sikio moja upande wangu, akalirudisha, akaendelea kula, na mimi nikashika njia kwenda kumwita dereva.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu, mkubwa umwambie mjomba anamkumbuka na mdogo umbusu utosini. Shangazi anakusalimu, anasema ukimpigia simu leo usimuulize habari zangu mbele yangu. Mungu alilinde lori hili njiani, awape nyote afya na mvua ya kutosha, na akupe mikono mipole kwa mgeni wako. Dereva anapiga honi.

Ni mimi wako akupendaye, hata ukinuna kwa ajili ya sindano,

Mdogo wako,
yule uliyempa jina la Kiguu na Njia.