Kibao cha Kaburi Kule Dordogne

Jumapili, katikati ya Oktoba. Woodbury, Minnesota. Mawingu yametanda tangu asubuhi, upepo unasukuma majani makavu kwenye kona ya gereji na hakuna mwenye nia ya kuyazoa. Leo sikwenda kanisani. Nimekaa jikoni na chai ya tangawizi inayopoa, na moyo wangu ni mzito.

Niliahidi kuwasimulia mnaonisoma hapa safari yetu ya Ufaransa. Picha ninazo tele, za ngome na mito na mimi nimevaa kofia isiyonipendeza. Nitasimulia, ila si kama nilivyopanga.

Alhamisi mume wangu anafanyiwa upasuaji wa moyo.

Daktari anasema ni upasuaji wa kawaida. Labda kwake yeye. Baba Neema ni mhandisi wa madaraja, na tangu nimjue anatamani kuviona vijiji vya kale vya mawe huko Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Daktari alituruhusu, mradi apande vilima polepole. Basi Septemba tukaenda. Wenzetu wakifika Ufaransa hukimbilia Paris kupiga picha. Sisi Paris tulipita kama watu wanaofukuzwa.

Alipapasa kila ukuta. Sitanii. Nyumba za huko zina rangi ya asali, zimebanana chini ya jabali, na nyingine zimeezekwa kwa mawe matupu. Yeye husimama katikati ya njia kunieleza jinsi uzito wa paa unavyoshuka mpaka kwenye msingi, watalii wanatuzunguka huku wakiguna. Asubuhi tulitembea kando ya mto, tukawatazama watu wakipiga makasia chini ya ngome. Gulioni tulinunua jibini kwa mama mmoja aliyetuonyesha picha za bata bukini wake mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha wajukuu.

Lakini jioni vile vijiji vilinitia simanzi. Watalii wakiondoka, barabarani habaki hata mbwa. Vijana wamekwenda mijini. Nyumba nyingi zina madirisha yaliyofungwa, zinangoja wenyewe waje kiangazi.

"Kama kwetu tu," alisema Baba Neema. Kwao ni Marangu, Uchaggani, ambako Desemba, watu wakirudi kwa Krismasi, magari hukosa pa kuegeshwa, na Januari wanabaki wazee na migomba. Katika kijiji kimoja tulikuta birika la mawe la kufulia nguo, maji yanaingia kwa mfereji kutoka kilimani. Alichuchumaa pale akiyatazama. Aliniambia babu yake alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji wa ukoo uliogawa maji mashambani kwa zamu. Sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Siku ya mwisho tulifika kwenye kijiji kidogo ambacho hata kitabu cha watalii hakikitaji. Kanisa lilikuwa limefungwa, ila geti la makaburini lilikuwa wazi. Nilikuwa nimebana mkate mrefu kwapani kama wenyeji. Makaburi yale yamepangwa kwa koo. Jina lilelile linajirudia kizazi baada ya kizazi juu ya jiwe moja. Bibi mmoja alikuwa akisugua kaburi la watu wake kwa brashi na ndoo ya maji. Alituitikia salamu, akaendelea na kazi yake. Nikawaza kwamba huyu na wakwe zangu wangeelewana vizuri sana.

Kaburi lililopakana na hilo lilikuwa limeota magugu, na lilikuwa na kibao kidogo. Baba Neema akakielekezea simu imtafsirie. Kilisema kaburi hilo linahesabiwa kuwa limetelekezwa, na ndugu wa marehemu wanaombwa kufika ofisi ya kijiji. Mwenye nyumba tuliyopanga alitueleza baadaye kuwa huko kaburi likikosa wa kulitunza kwa miaka mingi, kijiji kinaweza kulichukua na kuzika mtu mwingine.

Tukatoka. Nje ya ukuta kuna benchi linalotazama bonde. Akakaa, akatulia mpaka pumzi ikamrudia, kisha akasema bila kunitazama: "Mama Neema, likitokea la kutokea, msinisafirishe. Nizikeni Minnesota."

Nilimega mkate nikampa kipande, tukala.

Kwetu kumuuliza mtu aliye hai atazikwa wapi ni uchuro. Tulioana tungali wanafunzi hapa jirani, Saint Paul, na tumeongea kila kitu chini ya jua, ila hilo hatujawahi. Tena halikuhitaji kuongelewa. Mchagga huzikwa kihambani, katika shamba la ukoo, kwenye migomba na kahawa. Na Baba Neema ndiye kitinda mimba. Kwa mila yao yeye ndiye mrithi wa nyumba ya baba yake, ile nyumba iliyofungwa tangu mama mkwe afariki. Nafasi yake iko kando ya kaburi la Mzee, na yangu kando ya yake. Mimi ni Mpare wa Usangi, lakini niliolewa, na nafasi ile niliipokea zamani pamoja na mengine yote.

Hata niliipenda.

Kwa hiyo nilikasirika, na hasira ile nimerudi nayo mpaka Woodbury. Kwanza, najua lawama itamwangukia nani. Mwanamume akizikwa ugenini, ukoo hauulizi marehemu alitaka nini, unauliza mkewe alimfanya nini. Katika jambo hilo neno la mjane halina uzito. Ni lazima walisikie kwa kinywa cha mwenyewe akiwa na akili zake. Pili, na hili ndilo liliniuma zaidi, alijiamulia bila kuniuliza mimi nitalala wapi.

Juzi nikamwambia kama ameamua, basi amwambie kaka yake mwenyewe kabla ya Alhamisi. Akajifanya anatafuta miwani. Binti yetu Neema, ambaye amekuja kukaa nasi mpaka baba yake atoke hospitali, akaingilia: "Dad, just call Baba Mkubwa. Usimwachie Mom hiyo kesi."

Leo asubuhi akapiga, simu ya video. Marangu ilikuwa jioni. Kaka Elinami alitokea amevaa sweta na kofia ya sufu, nyuma yake migomba inaanza kuingia giza. Baba Neema akaanza na ngome. Akaenda kwenye mapaa ya mawe, akatoka hapo akaingia kwenye bata bukini. Kaka Elinami anacheka, mimi nimekaa pembeni natoka jasho. Alipotaka kuanza habari za jibini nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Ndipo akalisema. Alilisema vizuri, polepole, kwa heshima, kama mtu anayesoma ripoti yake mbele ya wakubwa.

Kisha Kaka Elinami akajaribu utani wetu wa siku zote: "Shemeji, hii kesi umeifungua wewe? Maana Mpare na kesi!" Hakuna aliyecheka, hata yeye.

"Hapana, Kaka. Ni mimi," akasema Baba Neema.

"Kwa nini sasa, mdogo wangu?"

"Nimeamua tu."

Kaka Elinami akavua kofia. Alikaa nayo mkononi kwa muda, akiipapasa. "Basi," akasema, "pale kando ya Mzee tutapanda sale. Hatutapanda mgomba, wala hatutamlaza mtu mwingine." Sale ni ule mmea wa majani marefu ambao Mchagga huupeleka akiomba msamaha, na huupanda makaburini. Sikujua kama pale ni ukoo unaotuomba msamaha au ni sisi tunaoombewa kwa Mzee. Kisha akasali kwa Kichagga. Sikuelewa yote, ila jina langu nililisikia mara mbili, na machozi yakanitoka.

Simu ilipokatika, Baba Neema aliinuka akaanza kuosha vikombe. Daktari amemkataza kazi, lakini vikombe anasema si kazi. Nikamsemesha akiwa amenipa mgongo. Nilisema, na mimi je? Umewahi kuniuliza mimi nitazikwa wapi?

Aligeuka, mikono ina povu, akanishangaa kweli. "Si utakuwa hapa? Wajukuu wako hapa, kanisa lako liko hapa. Nikilala Marangu, wewe utakuja lini? Kile kibao kilinionyesha mimi kule nimeota magugu, na wewe huku unajilaumu. Mimi nimekufuata wewe, Mama Neema."

Kumbe.

Nimekaa na neno hilo mpaka sasa. Maana mimi, kila baridi inaponichosha, najipangia kustaafu Marangu. Nafungua madirisha ya ile nyumba, naanika magodoro, nagombana na shemeji zangu juu ya mbuzi walioingia bustanini. Sijawahi kumwambia. Niliona yeye hawezi kuachana na wajukuu, nikasema nisimtie majaribuni, nitarudi siku watakaponirudisha ndani ya jeneza. Yeye naye ameliacha kaburi la baba yake kwa ajili yangu. Tumehurumiana kimyakimya, kwa adabu zetu nzuri, mpaka kila mmoja amekwenda asikotaka kwa sababu ya mwenzake.

Naogopa Alhamisi. Naiandika hapa kwa sababu sebuleni nimevaa uso wa mtu asiyeogopa.

Amelala kwenye kochi sasa, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya kifua. Nimesimama mlangoni mara kadhaa kuangalia kama blanketi linapanda na kushuka. Linapanda. Akiamka nitamwambia, uchuro au si uchuro. Sitamwomba abadilishe alichomwambia kaka yake. Hayo ya kubebwa wataamua walio hai siku hiyo, wakitaka watuzike pamoja hata chini ya theluji, nami sitalalamika. Mimi nataka kwenda Marangu kwa miguu yangu. Mungu ampitishe salama, apone, na ule mlango wa nyumba ya baba yake anifungulie yeye.