Hodi Baharini

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi kwa Rukia, kama kila siku tangu ajifungue. Maji ya kumkanda yalikuwa yanatokota. Nimeyachanganya na ya baridi, mama mkwe wake akanuna. Anune. Nimekuwa mkunga mpaka nimestaafu mwezi uliopita, sijaona mzazi aliyepona kwa kuunguzwa.

Mtoto mzima. Ananyonya vizuri, kitovu kimekauka. Rukia ndiye mzazi wangu wa mwisho, na huyu kidume ndiye wa mwisho kupita mikononi mwangu. Labda ndiyo maana siachi kwenda.

Bakari, mumewe, amegeuka askari wa mlango. Hapiti mtu mpaka arobaini. Jirani alikuja na simu apige picha ya mtoto, akarudishwa barazani hapohapo. Mimi mwenyewe, niliyemzalisha mkewe, lazima nipige hodi mara tatu na kungoja. Leo nilipiga mbili, nikasukuma mlango. Alinitazama kama nimemuibia kuku.

"Hodi ni tatu, mama. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka."

Nimekasirika njia nzima mpaka kwangu Ufukoni. Nilipofika nyumbani nikacheka. Dini ndivyo inavyosema, na mimi ndiye niliyemfundisha mama yake kwamba mzazi anahitaji utulivu.

Jioni mwanangu Shani kapiga simu kutoka Dar. Zawadi yangu ya kustaafu: safari ya boti kwenda kuona nyangumi, Jumamosi, kutoka Msimbati. Kikundi kidogo, watu sita tu. Nahodha ni Bakari huyuhuyu. Nimezaliwa Mtwara, nimezeekea Mtwara, na nyangumi sijamwona hata mmoja. Nimefurahi kama mtoto siku ya Idi. Naandika hapa tu, sitamwambia mtu.

Jumamosi, 6 Septemba

Hakuna safari.

Nilikuwa tayari tangu baada ya Alfajiri. Kofia, mtandio wa ziada, ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, kwenye chombo. Saa moja akapiga Neema, mwenye boti. Kuna wageni wa haraka, wameichukua boti nzima. Akaniambia nisijali, mimi ni mwenyeji, nyangumi ni wangu siku zote.

Wangu siku zote! Ndiyo maana sijawahi kumwona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi leo sijapona. Kumbe mwenyeji ni yule wa kuachwa ufukweni.

Ming'oko nimeila peke yangu, na pilipili nyingi, kwa hasira.

Jumanne, 9 Septemba

Hodi tatu. Nimekaribishwa.

Bakari ameomba radhi kwa niaba ya Neema. Jumamosi hii siti ya mbele ni yangu, ameapa. Kasema kuna nyangumi jike ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma, ana mtoto mchanga kabisa, ngozi bado ina mikunjo ya tumboni mwa mama. Wamekaa palepale siku kadhaa. Jike haendi mbali, anampumzisha mtoto.

Alikuwa anasimulia huku amempakata mwanawe. Sauti ileile ya chini, asimwamshe. Nikampenda sana dakika ile.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi. 

Niandike kwa mpangilio.

Gari lilitupitia alfajiri. Madimba, kiwanda cha gesi, halafu mikorosho iliyochanua na harufu ya salfa wanayoipulizia mpaka Msimbati. Ufukweni nikahesabu watu. Kumi na mmoja. Kikundi kidogo cha watu kumi na mmoja. Majaketi ya kuokolea manane. Nilimuuliza Neema, akasema wengine wanajua kuogelea. Nikamwambia mimi sijui, nikalichukua moja kabla hajaanza kugawa.

Siti ya mbele ilikuwa imekaliwa. Kijana wa Dar, suruali nyeupe, simu kwenye fimbo. Bakari hakunitazama. Nilikaa juu ya dumu la mafuta, nyuma, pembeni ya wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wameshikana mikono na hawasemi neno. Nimestaafu na heshima zote, naenda kukaa juu ya dumu.

Tukapita mdomo wa Ruvuma. Maji rangi ya chai ya maziwa, mafungu ya mchanga kila upande, Bakari akiyakwepa vizuri. Hilo nalikubali, anajua kazi. Mbele zaidi maji yakawa ya buluu. Akapunguza mashine.

Nilisikia pumzi kabla ya kuona kitu. Pumzi ndefu, nzito, ya mtu aliyechoka. Nikageuka na mgongo ulikuwa pale, mweusi, unapita tu, hauishi. Nikalia. Sioni aibu. Pembeni yake kitu kidogo kikajitokeza, kikatoa kipumzi chake kidogo, kikazama, kikarudi. Mama alikuwa chini yake, anakiinua.

Suruali Nyeupe akasema tusogee. Nami nilisema tusogee. Naandika ukweli.

Tukasogea. Jike akageuka, akaondoka na mtoto wake. Hapo mtu mwenye akili angeacha. Bakari akaongeza mashine. Jike akageuka tena, tukageuka naye. Kijana anapiga makofi. Neema, kutoka nyuma, akamwambia Bakari amzibie njia ili wageni wapate picha. Akamzibia.

Boti ikaingia katikati. Mama upande ule, mtoto upande wetu.

Kile kitoto kilikuja juu karibu na mkono wangu. Ningeweza kukigusa. Kilikuwa kinapumua harakaharaka, kifupikifupi, kinazama kabla hakijamaliza. Miaka yote nimewawekea watoto sikio kifuani. Pumzi ya namna ile naijua. Ile ni pumzi ya kuita watu wakimbie. Na watu wazima wanacheka, mashine inanguruma, moshi juu ya kichwa cha mtoto mchanga.

Nilisimama. Dumu likaanguka. Sikupiga kelele.

"Bakari. Hapa umepiga hodi?"

Mkono wake ulikuwa kwenye mashine. Alinitazama, na nilijua amesikia. Akazima.

Kukawa kimya. Jike akapita chini yetu. Chini yetu kabisa, kivuli kirefu kuliko boti. Angetaka angetupindua kama sufuria. Hata hakutugusa. Akaibukia upande wa mtoto wake, akamwinua, wakaenda.

Halafu nikashughulikiwa mimi. Suruali Nyeupe hakupata picha, maana wakati jike anapita alikuwa ananitolea macho. Akasema wamekuja kuona nyangumi, hawakuja kusikiliza mahubiri. Neema akamuuliza Bakari mbele ya watu kama siku hizi abiria ndiye nahodha. Bakari akawasha mashine, akageuza boti. Kurudi kote hakusema na mimi. Ufukweni aliwashusha wanawake wote kwa mkono, mmoja mmoja. Mimi nilishuka mwenyewe, maji mpaka mapajani, na viatu vyangu kichwani.

Jumapili, 14 Septemba

Shani amenitumia video. Yule kijana ameiweka mtandaoni. Mimi nimesimama, mtandio umeteleza, mdomo wazi. Chini ameandika kwamba bibi wa Mtwara ameharibu safari. Watu wanacheka. Watu nisiowajua wananiita mchawi.

Mtoto aliyekuwa anakosa pumzi hayumo kwenye video. Sehemu hiyo ameikata. Nimemwambia Shani aandike hapo chini kilichotokea. Akasema, mama, achana nao. Sitaki kuachana nao.

Na Bakari. Bakari ndiye anayeniuma. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Jirani na kasimu kake anarudishwa barazani, nyangumi mzazi anavamiwa chumbani kwa mashine.

Jumatatu, 15 Septemba

Kwa Rukia. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Mtoto analia ndani, nasikia mtu anamtuliza kwa mguno wa kiume. Ya tatu.

Nimerudi nilikotoka.

Alhamisi, 18 Septemba

Mama mkwe wa Rukia amekuja mwenyewe hadi kwangu, jasho linamtoka. Anasema Neema amemnyang'anya Bakari boti na kumpa nahodha mwingine kutoka mjini. Wageni walilalamika. Bakari yuko nyumbani, anashinda ukumbini, haongei. Mwenye mtoto mchanga na hana kazi. Kisa mimi.

Akasema hayo yote bila kukaa, akaondoka bila kunywa maji.

Sijutii. Najuta. Sijutii. Angekosea muuguzi mdogo kazini kwangu, mbele ya mzazi, ningemwambia hivyohivyo. Lakini muuguzi yule angerudi kesho zamu yake. Huyu nimemtoa riziki mdomoni, na mwanawe nimempokea mimi.

Nimempigia Neema. Nikamwambia kosa ni langu, amrudishe kijana. Akaniambia nipumzike, nimeshastaafu. Kisha akakata. Mtu wa umri wa mwanangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Habari zimefika sokoni kabla ya samaki. Nahodha mpya ameikalisha boti juu ya fungu la mchanga kwenye mdomo wa Ruvuma. Maji yakatoka, boti ikalala ubavu. Wageni wameshinda juani mpaka maji yakajaa tena. Mmoja alikuwa na suti.

Nimemwomba Mungu anisamehe. Nimecheka mpaka muuza nyanya akaniuliza kama nina homa.

Jumanne, 23 Septemba

Saa kumi, niko ndani nachambua mchele.

Hodi.

Niliijua sauti. Nikaendelea kuchambua. Hodi ya pili. Nikatoa jiwe, nikaliweka pembeni. Kijana akangoja, nasikia anavyohamisha mguu kutoka huu kwenda ule. Nilikuwa na hasira za siku zote hizi kwenye ungo ule. Nikawaza, akipiga ya tatu nisiitikie. Aondoke. Ajue.

Akapiga ya tatu. Polepole kuliko zote.

"Karibu," nikasema. Nikajichukia kwa haraka niliyosema nayo.

Alikaa kwenye mkeka, hakutaka kiti. Shikamoo yake ilikuwa ndogo. Akasema nilimwaibisha mbele ya wageni. Nikamwambia ni kweli, na ningerudia.  Mimi nachambua, yeye anautazama mchele.

Halafu akasema: "Rukia kaniuliza, mtu angeingiza boti chumbani kwake ningemfanya nini."

"Ukamjibu nini?"

"Sikujibu, mama. Mtoto alikuwa kalala."

Neema amemwita kazini. Hana mwingine anayeyajua mafungu yale. Bakari amemwambia atarudi, lakini mashine itazimwa anapotaka yeye nahodha, na abiria sita ni sita. Neema amekubali kwa mdomo mzito. Sijui atashika neno mpaka lini. Simwamini hata kidogo.

Nikampa ming'oko ampelekee mkewe. Mlangoni akaniambia kesho maji yatakuwa ya vuguvugu, mama yake ameshaambiwa.

Jumapili, 28 Septemba

Arobaini. Mtoto ametolewa nje. Dua, maandazi, watoto wa mtaa mzima. Jirani na simu yake amepiga picha mpaka amechoka. Nilimpakata kwanza mimi, kabla ya bibi yake. Bibi akanuna. Nikampa.

Jumatano, 1 Oktoba

Msimbati tena. Nimehesabu: sita. Wale wazee wa Kizungu wamerudi, wakanipungia mkono kama ndugu. Rukia alikuja nasi kwenye gari, akabaki chini ya mivinje na mtoto. Mara yake ya kwanza kuona bahari tangu ajifungue.

Bakari aliwaambia abiria kabla hatujapanda. Tutasimama mbali, tutangoja, akija amekuja. Mwanamke mmoja alilalamika kidogo. Nilimtazama.

Siti ya mbele nilipewa. Tukapita mafungu, tukapita maji ya chai, tukafika kwenye buluu. Mbali sana kulikuwa na mvuke wa pumzi zao, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Akazima mashine. Upepo mdogo. Tukakaa.

Hawakuja. Akawasha, akasogea kidogo sana, akazima. Tukangoja. Mvuke ule ulikuwa umbali uleule. Mara ya tatu Bakari alikaa muda mrefu, mikono magotini.  Kisha akageuza boti, hakumwomba mtu ruhusa.

Sikumwona. Mvuke tu. Sina hasira. Nimeitafuta njia nzima ya kurudi, haipo.

Bakari alinishusha kwa mkono. Chini ya mivinje Rukia alikuwa ananyonyesha, amejifunika khanga. Akauliza kama tumemwona.

"Hatukukaribishwa," nikamwambia.

Akasogea kidogo kwenye mkeka, nikakaa.