Cherehani Tisa Alizolipia Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, niwie radhi. Mwaka mmoja na miezi miwili bila hata mstari mmoja! Mimi niliyekuwa nikiwafokea wanafunzi kwa kukosa kazi ya siku moja. Sababu ninazo: ukungu ulitanda jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha upasuaji, kisha daktari akanikataza kusoma. Alipokwisha kuniruhusu, nikakaa tu. Huo ni uvivu, na nauandika kwa jina lake.

Sasa naona. Leo nimemsindikiza binti yangu kazini, mara ya kwanza tangu nipate macho. Yeye ni fundi wa kushona. Chumba kirefu, madirisha mawili, cherehani kumi na mbili za miguu, zote mali ya mtu mmoja ambaye mafundi humwita Tajiri. Tulipofika nilidhani pana msiba – wanawake kumi na mmoja kwenye mstari, kimya. Tajiri ameketi mlangoni na kopo la biskuti mapajani. Kila fundi anatoa elfu mbili, anatia sahihi katika daftari la Tajiri, ndipo anapewa kikasha cha bobini: kile kidude cha chuma kinachokaa chini ya sindano. Pasipo hicho, cherehani ni meza. Jioni kila mmoja anakirudisha, nacho kinakwenda kulala kwa Tajiri. Kila siku!

Nikauliza, kwa sauti yangu ya darasani, kwa nini vikasha visikae ndani ya cherehani. Tajiri aliinuka, akaniamkia kwa adabu zote. "Mwalimu, mtu akibaki nacho, kesho atashona bila kulipa." Fundi mmoja mnene, wanamwita Mama Pacha, akadakia kwamba mumewe hamwamini kwa simu, Tajiri hamwamini kwa bobini, basi aliyebaki kumwamini ni mbu peke yake. Wote wakacheka. Tajiri naye alicheka.

Binti yangu akanivuta mkono. "Mama, nenda nyumbani. Unanitia aibu."

Eti mimi ndiye aibu!

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga hesabu. Elfu mbili kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka: laki sita. Nimeuliza dukani bei ya cherehani mpya ya namna ile ile. Laki sita.

Kwa hiyo kila mwaka binti yangu ananunua cherehani nzima, kisha anamwachia Tajiri. Amefanya hivyo miaka tisa. Cherehani tisa! Na hana hata sindano isiyo ya kuazima.

Jioni nilimkalisha, nikamsema kama mtoto. Kwa nini hakuweka akiba? Elfu moja moja tu, miaka tisa! Nilikulea hivyo? Alikuwa anakunja nguo za wanawe, hakuinua uso. Alisema aliweka mara tatu. Mara ya kwanza ilikwenda kwenye kodi ya chumba baada ya mume kuondoka. Mara ya pili mtoto alivunjika mguu. Akachukua shati jingine.

Na ya tatu?

"Mama, kwani jicho lako lililipiwa na nani?"

Nilisema kaka yake. Si ndivyo nilivyoambiwa? Nilimpigia kijana wangu simu nikamshukuru na kumwombea dua ndefu, naye akaitikia amina kila nilipotua!

Binti yangu alisema kaka mtu alituma nauli. Zilizobaki zote zilikuwa akiba ya cherehani. Alikuwa amebakiza elfu arobaini tu ainunue.

Sikuweza kula.

Alhamisi, 6 Machi

Benki. Nimevaa gauni langu la kustaafia na viatu vinavyonibana. Nimekwenda na binti yangu, aliyeacha cherehani yake kwa saa moja, na hesabu zangu nimeziandika kwa wino.

Afisa mikopo ni mwanafunzi wangu wa zamani. Alikuwa akikaa nyuma karibu na dirisha, akinakili kazi za wenzake. Alitupokea vizuri. Shikamoo Mwalimu, karibu Mwalimu, maji au soda? Nikamweleza: tunahitaji laki sita, cherehani moja. Fundi huyu amelipa elfu mbili kila siku kwa miaka tisa. Mpeni mkopo, awalipe ninyi hizo elfu mbili badala ya kumlipa Tajiri. Baada ya mwaka na miezi michache mmepata fedha yenu na riba juu, naye ana chombo chake.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ile inachoma kuliko tusi! Kwanza, hawatoi mkopo ulio chini ya milioni mbili. Mdogo hauwalipi usumbufu wake. Pili, binti yangu hana dhamana. Tatu, hana kumbukumbu za biashara.

"Kumbukumbu zipo," nikasema. "Ametia sahihi kila asubuhi kwa miaka tisa, katika daftari la Tajiri."

Akatabasamu. Daftari lile analijua, alisema. Tajiri ni mteja wao mzuri sana. Lile ni ushahidi wa mapato ya Tajiri. Kwa sababu ya lile daftari walimwongezea mkopo mara mbili, na riba yake ni karibu nusu ya ile ambayo angetozwa binti yangu.

Nilimwomba arudie. Akarudia.

Yaani sahihi ya binti yangu, kwa mkono wake, kwa jasho lake, inamthibitisha Tajiri kuwa mtu wa kuaminika! Yeye mwenye mkono haimthibitishi kitu.

"Sisi tunamkopesha mwenye kitu, Mwalimu."

"Mwenye kitu anakopa kwa shida gani?"

Akacheka. "Apate kingine."

Kisha, ili kunifurahisha – naamini kwa kweli alitaka kunifurahisha – akasema barua yangu ya miaka sita iliyopita ilikuwa nzuri mno. Barua gani? "Ile uliyomwandikia Tajiri ya kumtambulisha. Ile ndiyo ilimpitisha."

Nikaikumbuka hapo hapo. Alikuja na kilo mbili za sukari, akasema Mwalimu, niandikie, lugha yangu mbovu. Nami nikaandika. Niliandika kwamba anao mafundi kumi na wawili wanaomlipa kila siku bila kukosa. Niliandika hivyo kwa fahari; mmoja wao alikuwa mwanangu.

Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu. Alikuwa anaangalia soda yake.

Tulipokuwa tunaondoka, afisa akanong'ona kuwa iko njia moja. Hati ya nyumba yangu. Nikiiweka dhamana, milioni mbili zinatoka wiki ijayo. Fomu irudi kabla ya Ijumaa ya tarehe 14, saa sita mchana.

Nyumba nzima kwa cherehani moja!

Ijumaa, 7 Machi

Bila kukosa. Bila kukosa. Bila kukosa.

Nimekuwa nikiyasema maneno hayo tangu alfajiri, nikifagia. Hakuna hata kosa moja katika barua ile. Ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Kijana wangu amepiga simu. Dada yake hakumwambia kitu, kwa hiyo ni mimi niliyefungua mdomo juu ya hati. Akawaka. Mama, nyumba hiyo haiguswi. Hicho ndicho kitu pekee tulichonacho. Nyumba za watu zinapigwa mnada kwa sababu ya mvua tu – mwezi mmoja wateja hawaji, na dalali yuko mlangoni.

Hilo ni kweli. Nilijenga nyumba hii kwa kiinua mgongo changu, vyumba vitatu na kibaraza, na wajukuu wanalala humu. Sina ubishi nalo.

Lakini nilimuuliza habari ya jicho. Hapo mtandao ukawa mbaya ghafla. Mtandao! Mwanamume mzima.

Jumanne, 11 Machi

Saa kumi alasiri amekuja Tajiri mwenyewe. Safari hii hakuja na sukari. Amekuja na chupa ya mafuta ya kupikia, lita tano, akaiweka karibu na mguu wa kiti kana kwamba imejileta yenyewe. Sikuitazama.

Habari za benki zimemfikia, bila shaka. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alisema, "Mwalimu, mimi si adui wa binti yako. Mimi pia nilianza na cherehani moja."

"Na kiwanja," nikasema.

"Na kiwanja, ndiyo."

"Na jengo lililosimama juu ya kiwanja, la marehemu baba yako. Na yeye alikipata kiwanja kile akiwa karani wa ofisi ya ardhi. Nilikuwepo."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Wewe Mwalimu, hustaafu!"

Kisha akasema lililomleta. Anataka kuingiza cherehani ishirini za umeme. Benki iko tayari, lakini mkopo ni mkubwa na mkuu wa tawi ni mgeni, anataka barua ya mtu mzima anayeheshimika mtaani. Nimwandikie tena. Nieleze kwamba kazi yake ni ya uhakika, na kwamba mafundi wamekubali kodi mpya ya elfu tatu na mia tano.

"Wamekubali lini?"

"Watakubali. Wataenda wapi?"

Na ujira wangu? Atampa binti yangu cherehani anayoshonea. Ampe kabisa, iwe yake, na hati ya mauziano juu yake. Hakuna mkopo wala riba, na nyumba yangu haitaguswa. Anaitaka barua Ijumaa.

Nilimwambia atoke na mafuta yake. Alitoka. Mafuta yamebaki.

Jumatano, 12 Machi

Nilidhani binti yangu atakasirika kama mimi. Nilimsimulia wakati anawapakulia watoto. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Amesema iwe yangu kabisa?"

"Kwa barua ya uongo!"

"Mama, nimekuuliza amesema iwe yangu?"

Nikamwambia juu ya wenzake kumi na mmoja, elfu tatu na mia tano kila asubuhi, mlangoni, mikono imenyooshwa. Akasema anawajua kwa majina na kwa watoto wao, hahitaji kufundishwa. Akasema mwaka juzi mmoja wao aliolewa na mwenye duka akaondoka. Hakuna aliyemwambia abaki kwa ajili ya wenziwe. Walimpigia vigelegele! Kwa nini yeye ndiye abaki?

Nina majibu mengi kwa Tajiri, kwa benki, kwa kijana wangu. Kwake yeye sina.

Jioni kabla ya giza akaja Mama Pacha. Amesikia, chumba kile hakina siri. Hakutaka kiti. "Andika tu, Mwalimu. Ukikataa atampata mwingine wa kuandika, kodi itapanda vile vile, na binti yako atabaki mikono mitupu. Sisi tumeshapigwa."

Nikamwambia asante, kwamba ana moyo mkubwa.

"Moyo gani?" akasema. "Nimekuja kukwambia usitutumie sisi kama sababu. Ukiandika, andika. Lakini asubuhi usije tena pale ukatuuliza hali kwa sauti ile yako."

Akaondoka.

Nimefikiria na njia nyingine. Nyumba iwe dhamana, milioni mbili, cherehani tatu: moja ya binti yangu, moja ya Mama Pacha, moja ya mwingine, walipe pamoja. Nimeandika hesabu yake kwenye karatasi. Inakwenda vizuri hadi mwezi wa nne, ambao shule zimefungwa na hakuna wa kushonesha sare. Hapo inavunjika. Nimeirudia mara tano, na kila mara inavunjika hapo hapo. Tajiri mwezi wa nne hana wasiwasi: analipwa elfu mbili iwe umeshona au hukushona. Ndiyo tofauti yote kati yetu na yeye. Si akili wala bidii. Kuna mtu anayempokelea mwezi mbaya, na mtu huyo ni binti yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika haraka.

Mezani pana karatasi mbili. Fomu ya benki; imejazwa yote, imebaki sahihi yangu. Na karatasi nyeupe, ambayo nimeandika tarehe na "Kwa Mkuu wa Tawi" na si zaidi.

Binti yangu hakwenda kazini leo. Mara ya kwanza kwa miaka tisa! Amesema hana elfu mbili za kumpa mtu ambaye huenda kesho asimdai. Kisha akaniuliza kama nimeamua. Nikasema sitaandika uongo kwa mkono wangu, sijapata kuandika. Akanitazama – hana hasira, ndilo baya – akasema, "Jina lako safi, Mama. Mimi ndiye ninayelilipia."

Hapo gari dogo la mizigo likasimama nje. Dereva peke yake. Nyuma, imefungwa kwa kamba, cherehani. Yenyewe, ile yake, kikasha cha bobini kikiwa ndani, na rangi iliyobanduka pale anapoegemeza kiwiko. Dereva akasema Tajiri amesema ichukuliwe tu, hana haraka na barua. Ataifuata kesho saa tatu.

Nikasema irudi. Nikasema kwa sauti ambayo zamani ilinyamazisha darasa la watoto sitini. Dereva akasimama na kamba mkononi, akinitazama mimi, akimtazama yeye.

Binti yangu akapita mbele yangu. Akashika upande mmoja. Akamwambia dereva ashike mwingine.

Sasa iko kibarazani. Ameipangusa, ameitia mafuta, na hivi ninavyoandika anashona shati la shule la mtoto wa jirani. Mlio wake unapita ukutani. Wajukuu wawili wameketi chini wanaangalia gurudumu. Hajaniita. Hajaniomba lolote.

Nimechukua kalamu mara mbili, mara moja kwa kila karatasi, na kila mara yeye akisimama kukata uzi na mimi husimama.

Daftari, sitakutoroka tena mwaka mzima. Lakini leo sina la kuongeza. Utanisikia siku ambayo mojawapo ya karatasi hizi itakuwa na jina langu chini yake, au zote mbili zitakuwa jikoni zimewasha moto. Nitakuandikia ilivyokuwa, hata kama ni mimi nitakayeonekana vibaya.